Anayehama Idara: Niliyojifunza Nikigawa Ruhusa Hospitalini

Mfanyakazi akiacha kazi, hospitali nzima inajua. Kuna barua, kuna soda na keki kwenye chumba cha mikutano, kuna mtu wa utumishi anayedai kitambulisho kirudi. Katika pilikapilika hizo hakosekani wa kutukumbusha sisi watu wa TEHAMA tufunge akaunti yake. Anayehamishwa idara hafanyiwi sherehe. Ijumaa yuko mapokezi, Jumatatu yuko famasia, na barua yake ya uhamisho wa ndani inaishia kwenye faili lake la utumishi. Akifika famasia anakuta haoni dawa walizoandika madaktari, anatupigia simu, tunamwongezea ruhusa. Zile za mapokezi hakuna anayepiga simu kuomba ziondolewe. Kwa nini apige? Hazimwashi wala hazimsumbui.

Ninasimamia mfumo wa taarifa za wagonjwa katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, ambayo jina lake nitaliacha. Wageni wakiniuliza ni nani ninayemwogopa, wanatarajia niseme wadukuzi, au mfanyakazi aliyefukuzwa kwa hasira. Ninayemwogopa ni anayehama. Amebaki na funguo za kila nyumba aliyowahi kupanga, na mwenyewe ameshasahau anazo.

Nilipopokea kazi hii, nilitoa orodha ya watumiaji nikaipanga kwa idadi ya ruhusa. Juu kabisa hakuwapo mkurugenzi, wala daktari bingwa yeyote. Alikuwapo mama mmoja, karani, aliyeanzia masijala miaka mingi iliyopita, akapita mapokezi, dirisha la malipo, kitengo cha bima na stoo ya dawa. Kila alipopita aliongezewa. Kwa mujibu wa mfumo, mama yule peke yake angeweza kumsajili mgonjwa, kumwandikia bili, kupokea fedha zake, kuifuta risiti, kisha kuitoa dawa stoo. Hakuwahi kuchukua hata senti, na ni kati ya watu waaminifu niliowahi kufanya nao kazi. Ila hospitali haikuwa na njia ya kulithibitisha hilo, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipokuwa hatarini zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Nilipomweleza kwamba nataka kuziondoa, alinitazama kwa muda. "Mwanangu, nimekosa nini?" Nikamwambia, mama, hujakosa. Ila siku fedha zikipotea dirishani, au katoni ya dawa isipoonekana stoo, jina la kwanza litakaloitwa ni lako, kwa sababu mfumo unasema ungeweza. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi toa zote, niachie za bima." Siku hiyo nilijifunza kuacha kuzungumza na watu kuhusu usalama wa mfumo. Mfumo hauna mke wala watoto wa kusomesha. Usalama wao wenyewe wanauelewa mara moja.

Wazo la kutoa ruhusa kwa kufuata jukumu si geni. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, waliwasilisha andiko lililoupa mpango huu sura yake rasmi. Wakati huo kulikuwa na njia mbili zinazofahamika: ya kijeshi, ambapo nyaraka zina ngazi za siri na watu wana ngazi za kuaminiwa, na ile ambapo mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome. Hoja yao ni kwamba katika taasisi za kiraia mfanyakazi si mwenye faili. Nesi hamiliki taarifa za mgonjwa hata awe ameziandika kwa mkono wake. Kwa hiyo si wake kuzigawa. Kinachompa haki ya kuzigusa ni kazi anayoifanya. Mfano mmojawapo waliouchagua ulikuwa wa hospitali: daktari, muuguzi, mfamasia. Baadaye, mwaka 1996, Ravi Sandhu na wenzake waliyapanga mawazo hayo katika ngazi za wazi zaidi, na mwaka 2004 yakawa kiwango cha kitaifa huko Marekani. Nimeyasoma hayo yote na yamenisaidia, lakini hakuna andiko litakalokwambia nesi wa zamu ya usiku kwenye wodi yako anafanya nini kweli.

Hilo la nesi ndilo lililonifundisha mengi kuliko yote.

Tulipoamua kupanga upya, tuliwaandikia wakuu wa idara watuletee majukumu ya watu wao. Walileta muundo wa utumishi: Afisa Muuguzi Daraja la Pili, Mteknolojia Maabara, Mhudumu wa Afya. Ilikuwa orodha safi, yenye mihuri, na haikufaa. Daraja linaeleza mtu analipwa nini. Halielezi anabonyeza nini saa nane usiku. Kwa hiyo nikaomba ruhusa kwa matroni nikae wodini. "Shikamoo matroni." "Marahaba. Kaa hapo kwenye kiti, usiguse kitu, na mtu akikuita dokta usiitike."

Nilikaa, mchana na usiku. Niliona kwamba dirisha la famasia ya ndani likifungwa, muuguzi kiongozi wa zamu ndiye anayechukua dawa kutoka kabati la dharura, na asubuhi mfamasia anaziingiza kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe. Kwa kumbukumbu za mfumo, mfamasia alikuwa ametoa sindano wakati yuko nyumbani amelala. Niliona mwishoni mwa wiki mtu mmoja wa maabara akipokea sampuli, akipima, na kuyaidhinisha majibu yake mwenyewe, kwa kuwa yuko peke yake. Niliona mhudumu akiingiza vipimo vya joto na shinikizo la damu kwa akaunti ya nesi, nesi akiwa upande wa pili amemshika mgonjwa anayetapika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye orodha yenye mihuri.

Ukishaona hivyo, kishawishi kinachofuata ni cha kumtengenezea kila mtu jukumu lake. Nimeona mahali wakifanya hivyo, wakaishia na majukumu mengi kuliko wafanyakazi. Sisi tulijizuia kwa swali moja: je, kazi hii ipo hata mtu huyu akienda likizo? Kama ipo, ni jukumu. Kama haipo, ni mazoea yake tu, na mazoea hayapewi nafasi kwenye mfumo. Jukumu la "muuguzi kiongozi wa zamu" lilipita mtihani huo, tukalipa ruhusa ya kutoa dawa za kabati la dharura kwa jina la anayezitoa. Jukumu la "mwenye kuonyeshwa ripoti kwa sababu ni rafiki wa mhasibu" halikupita, ingawa lilikuwapo kweli na liliwahi kutumika.

Jambo jingine ambalo vitabu hulieleza kwa urahisi mno ni urithi wa majukumu. Kinadharia, wa juu hurithi ruhusa za wa chini yake. Kwa madaktari inakubali: bingwa anaweza yote ya daktari wa kawaida, na zaidi kidogo. Ukivuka mpaka wa taaluma inavunjika. Daktari ameandika dawa, muuguzi ameitoa na kutia saini kwamba ameitoa. Daktari akirithi ruhusa ya muuguzi, mtu mmoja ataandika na kujitilia saini, na ule ukaguzi wa watu wawili ambao umewaokoa wagonjwa wengi utakufa kimyakimya. Mganga mfawidhi naye yuko juu ya keshia, lakini hana sababu ya kupokea fedha dirishani. Ukubwa wa cheo na wingi wa ruhusa ni mambo mawili tofauti, na kuwaelewesha wakubwa hilo kunataka heshima na subira. Mmoja aliniuliza kwa nini akaunti yake haina kitufe cha kuhariri ilhali ya kijana wa mapokezi inacho. Nikamjibu kwamba kijana akikosea kuandika jina la mgonjwa, analirekebisha. Wewe ukilirekebisha, Dokta, kesho tutaulizwa kwa nini mkubwa mzima aligusa faili la mgonjwa. Alicheka, akakubali awe anasoma ripoti tu.

Kuhusu makundi na majukumu, watu huyachanganya, na programu nyingi zinachangia. Kwenye PostgreSQL, programu ya kutunzia data, kwa mfano, tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005 mtumiaji na kundi ni kitu kimoja kwa jina. Tofauti yao ni kama kinaweza kuingia kwenye mfumo au hakiwezi. Sisi tuliweka utaratibu wetu. Kundi linasema mtu yuko wapi: wodi ya watoto, maabara, bima. Jukumu linasema anayefanya kazi fulani anagusa nini. Mtu anaingizwa kwenye kundi, kundi linapewa jukumu, jukumu ndilo lenye ruhusa. Ruhusa haimwendei mtu moja kwa moja hata siku moja. Waliozoea Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji na kompyuta za ofisi, watautambua mpangilio huu, kwani huko pia inashauriwa watu waingizwe kwenye makundi yanayofuata kazi zao, na hayo yaingizwe kwenye makundi yanayofuata rasilimali, yaani vitu vinavyofunguliwa, kama mafaili. Faida yake huioni siku ya kuunda. Unaiona siku mtu anapohama: unamtoa kwenye kundi moja, unamtia kwenye jingine, na kila kitu kinamfuata au kinamwacha.

Kinamwacha, isipokuwa kwa mambo mawili ambayo yamewahi kutusumbua. La kwanza ni njia za pembeni. Unaweza kumfutia mtu ruhusa kwenye jukumu moja ilhali anayo ileile kupitia jukumu jingine, na kompyuta haitakwambia. Inafuta ulichoiambia ifute na kunyamaza. Siku hizi kabla ya kusema "nimeondoa" ninaingia na akaunti ya majaribio yenye makundi yaleyale na kujaribu kufungua kile alichonyimwa. La pili ni kwamba mabadiliko ya kundi mara nyingi hayamfikii aliyekwisha kuingia. Kwenye kompyuta zinazoendeshwa na Linux orodha ya makundi husomwa mtu anapoingia. Kwenye Active Directory tiketi ya kuingilia, yaani kibali cha kielektroniki anachopewa mtu akiingia, huweza kudumu kwa muda wa saa 10 kama hamjabadilisha mipangilio. Sasa fikiria kompyuta ya kwenye meza ya manesi ambayo haizimwi wala haifungwi tangu asubuhi. Umemwondoa mtu saa tatu, na jioni jina lake bado linafanya kazi, pengine mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Hapo tunafika kwenye nywila za kuazimana. Nimesikia wenzangu wakilalamika kwamba manesi ni wabishi. Si kweli. Kwetu kuingia kwenye mfumo kulichukua muda mrefu kiasi kwamba mtu mwenye wagonjwa wengi wanaomwita asingeweza kutoka na kuingia kila mara. Sista wa kwanza kufika aliingia, na wodi nzima ikaandika kwa jina lake. Tulitoa waraka, ukabandikwa ukutani, ukachanika. Kilichobadilisha mambo ni kupunguza huo muda, na kuwezesha mtu kubadilisha akaunti bila kuifunga kazi ya mwenzake. Wakati huohuo matroni, bila kutuuliza, aliwaambia manesi wake kwenye makabidhiano ya zamu kwamba dawa iliyotolewa kimakosa itamfuata mwenye jina. Sijui kipi kilifanya kazi zaidi. Nadhani matroni.

Dirisha la malipo lilihitaji aina nyingine ya fikra. Kanuni inasema anayepokea fedha asiweze kufuta risiti, na anayeagiza dawa asiwe ndiye anayeithibitisha kuingia stoo. Ni rahisi kuisema hospitali ikiwa na watu. Jumapili mhasibu ni mmoja na keshia ndiye huyohuyo. Ukiwatenganisha kwa makundi tu, Jumapili kazi inasimama, na mgonjwa aliyelipishwa mara mbili atasubiri hadi Jumatatu. Tukahamishia kizuizi kwenye risiti yenyewe: mtu anaweza kuwa na majukumu yote mawili, ila risiti aliyoitoa yeye haiwezi kufutwa na yeye. Ataifuta mwingine, hata kama ni kesho yake. Kwenye msamaha wa malipo pia, afisa ustawi wa jamii anapendekeza na mwingine anaidhinisha. Kuna keshia aliyetuita wakoloni. Baadaye, upungufu ulipotokea dirishani na kumbukumbu zikaonyesha wazi kwamba si yeye, aliacha kutuita hivyo.

Kisha kuna usiku wa ajali. Basi limepinduka, majeruhi wameletwa, daktari wa zamu anataka faili la mgonjwa ambaye si wa wodi yake. Mfumo ukimkatalia, mfumo ni mbaya, hilo halina mjadala. Tuliweka ruhusa ya dharura: daktari anaandika sababu, faili linafunguka papo hapo, na tukio linaandikwa. Sababu zilizoandikwa mwanzoni zilikuwa "dharura", nukta tatu, au herufi zilizobonyezwa ovyo. Hatukuwalazimisha waandike insha. Tulichofanya ni kumpelekea mkuu wa idara orodha ya waliotumia njia hiyo, kila asubuhi, akiwa na chai yake. Ndipo tukaona kitu ambacho wengi wetu tulikihisi: faili linalofunguliwa sana kwa "dharura" ni la mfanyakazi mwenzetu aliyelazwa. Udadisi, wala si wizi. Lakini mwenzetu huyo ana haki ya kuumwa kama wagonjwa wengine, bila idara nzima kusoma vipimo vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na imetupa nguvu ya kulisema hilo kwenye vikao bila kuonekana tunajipendekeza.

Kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU ilitufundisha kuwa kuficha yaliyomo hakutoshi. Jina kuonekana tu kwenye orodha ya miadi ya kliniki hiyo ni siri iliyokwisha kuvuja. Ilibidi tufuatilie kila mahali jina la kliniki lilipokuwa linajitokeza: skrini ya mapokezi, risiti, ujumbe wa simu wa kumkumbusha mgonjwa tarehe yake. Risiti ndiyo niliyoiwazia mwisho kabisa. Mgonjwa anaikunja mfukoni, anafika nayo nyumbani, na mtu anafua suruali.

Dawa ya wanaohama nimeipata kwa madaktari walio kwenye mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo. Hawa huzunguka: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi. Kwa kuwa tarehe zao zinajulikana tangu mwanzo, tuliwaingiza kwenye makundi yenye tarehe ya mwisho. Siku ikifika kundi linamwachia lenyewe. Ilifanya kazi vizuri mno, nikajiuliza kwa nini tusiwafanyie hivyo wote. Sasa mtu akihamishwa, nakala ya barua yake inakuja kwetu kutoka kwa afisa utumishi kabla hajahama, na makundi yake ya zamani yanapewa siku chache za makabidhiano kisha yanakoma. Hatumwongezei mtu tena. Tunamvua yote na kumvika upya.

Mapitio ya kila robo mwaka nayo tumeyabadilisha. Zamani tulimpelekea mkuu wa idara orodha ya watu wake wote na ruhusa zao. Alitia saini kurasa zote bila kusoma, na simlaumu, ana wagonjwa. Sasa tunampelekea ruhusa ambazo hazijatumika kwa siku 90 tu, na kumwambia zitaondolewa wiki ijayo asipozitetea. Karatasi imekuwa fupi, na ghafla anaisoma.

Kwa upande wangu, nina akaunti mbili, ya kazi za kawaida na ya usimamizi, na kumbukumbu za hiyo ya pili huandikwa kwenye seva ambayo mkaguzi wa ndani anaisoma nami sina ruhusa ya kuigusa. Niliomba mwenyewe iwe hivyo, kwa sababu ileile niliyompa mama wa bima.

Kilichobaki ni kampuni iliyotuuzia mfumo. Akaunti yao ni moja, ina kila ruhusa, na wanaitumia mafundi wao kadhaa ambao hatuwajui kwa majina. Hakuna hata mmoja wao anayehama kwetu. Wanahama kwao, na hatupelekewi barua. Kwa sasa akaunti hiyo imefungwa, tunaifungua wakipiga simu, na inajifunga yenyewe saa kumi na mbili jioni. Wanalalamika kwamba tunawachelewesha. Mkataba wao unakaribia kuhuishwa, na nimeomba kiongezwe kifungu kinachotaka kila fundi awe na akaunti yake kwa jina lake. Mwanasheria bado anakisoma.